Mugeuze Nguo, Muone Ndani



Sisi wa mwaka wa tano, kikundi cha kukata na kushona, tumepewa zamu ya kuandika katika gazeti letu la shule. Tumechagua kufasiria darizi, ndiyo ile kazi tunayoita kila siku brodri: mapambo yanayotiwa juu ya kitambaa kwa sindano na uzi, pengine pamoja na ushanga ao puleki. Wengi wanafikiri ni mambo ya bibi arusi na ya watu wa pesa, na kwamba mtu akisha kusema "inapendeza" amemaliza kazi ya kuitazama. Sisi pia tulifikiri hivyo, na kwa hiyo tutaanza na kosa letu wenyewe.

Kwaya ya shule ilitaka kanzu mpya 22. Kitambaa tulikuwa nacho, na kukata na kuunganisha tuliweza sisi wenyewe. Lakini tulipenda kila kola iwe na msalaba mdogo na mzabibu wenye majani 14, kwa uzi wa kijani na wa rangi ya dhahabu. Hiyo kazi hatukuiweza. Tukaenda watu wane kwa mama mmoja anayedarizi nyumbani kwake huko Mangobo. Akataja bei. Sisi tukacheka, tukaanza kuvutana naye kama vile watu wanavyovutana sokoni juu ya fungu la sombe. Mmoja wetu (yuko hapa, anaandika pamoja nasi, na amekubali tuseme) alimwambia: "Lakini mama, si ni majani tu?" Mwishowe mama alipunguza sehemu moja kwa tatu, kwa sababu ilikuwa ni wakati wa kulipa pesa za shule za watoto wake. Tukafurahi sana.

Tulipokuwa tunatoka akachukua kola ya mfano, akatutia mkononi, akasema: "Batoto, munaangaliaka ya juu tu. Mugeuze."

Tukageuza. Ndani kulikuwa karibu sawa na nje. Hakuna fundo hata moja. Uzi haukuruka kutoka jani moja mpaka lingine kama vile sisi tunavyofanya darasani ili tumalize upesi. Kila jani lilianza na kuisha lenyewe, na ncha ya uzi ilikuwa imefichwa chini ya nyuzi zingine. Hatukusema kitu njiani.

Shuleni mwalimu wetu wa ushonaji alituambia tuhesabu. Tukachukua pini na kuhesabu jani moja: mishono 41. Majani 14 ni mishono 574 kwa kola moja, na kola 22 ni mishono 12.628, msalaba haujahesabiwa. Tukajaribu kushona mishono ile ile kwa saa mkononi. Aliye hodari kati yetu alipata mishono mitano kwa dakika, na haikuwa mizuri. Kwa mwendo huo kola moja ni karibu saa mbili, na kanzu zote ni karibu saa 42 za kuinama. Kisha tukagawanya bei tuliyokuwa tumeipunguza kwa saa 42. Matokeo hatutayaandika hapa, tunaona haya.

Basi ndiyo namna tulivyoanza kutafuta habari za kazi hii, kwa walimu, katika vitabu vya maktaba, na kwa wazee. Gazeti letu haliwezi kuchapa picha nzuri, kwa hiyo tutawafasiria kwa maneno.

Kwanza, namna ya kutazama. Kazi ya mashini na kazi ya mkono munaweza kuzitofautisha upande wa ndani. Mashini inatumia nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, na ule wa chini mara nyingi ni mweupe ao mweusi tu. Kwa hiyo ndani munaona rangi moja, na mishono yote iko sawasawa. Mkono unatumia uzi ule ule juu na chini. Tena mutazame kitambaa chenyewe kando ya pambo. Kama kimejikunja na kufanya mikunjo midogo, mshonaji alivuta uzi kwa nguvu. Kama kimelala vizuri, alijua kupima mkono wake mara elfu na elfu bila kuchoka, na hilo ni gumu kuliko kuchora ua. Tena mulete nguo kwenye dirisha na kuigeuza polepole. Uzi wenye kung'aa unashika mwanga kufuatana na upande unakoelekea; fundi mzuri anageuza mwelekeo wa mishono katikati ya jani, na jani la rangi moja linaonekana kama lina rangi mbili. (Hatusemi mashini ni mbaya. Wengi wetu tutakula kwa mashini ya mguu.)

Sasa tuje kwa mifano, na tuanze karibu. Hapa Kisangani munawaona wazee wa Kiislamu, wajukuu wa wale Wangwana waliofika wakati wa Tippu Tip, wanaokwenda kuswali siku ya Ijumaa na kanzu na kofia nyeupe. Tippu Tip mwenyewe alifanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na Kiswahili tunachoandika hapa kilikuja kwa njia ile ile ya watu wake. Mara nyingine mumwombe mzee mmoja, kwa heshima, awaonyeshe kofia yake ikiwa ni ile ya kazi ya mkono ya pwani. Ina pande mbili tu, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, lakini imejaa vitundu vidogo vinavyofanya maua na nyota. Huko pwani vitundu hivyo vinaitwa viua. Fundi anatoboa kitambaa, halafu anazungusha uzi kwenye ukingo wa kila kitundu mpaka kinakuwa kigumu na hakiwezi kupasuka. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe: aliye mbali haoni kitu. Kofia moja nzuri inakula wiki nyingi.

Wakubwa wa pwani walivaa tena joho, vazi refu lililo wazi mbele, na mapindo yake yalitiwa uzi wa dhahabu. Hiyo ndiyo ilikuwa mitindo ya juu ya wakati ule. Lakini tukiuliza pesa ya dhahabu ile ilitoka wapi, jibu ni chungu: nyingi ilitoka kwa pembe za tembo na kwa watumwa, na wengine wa watumwa hao walikamatwa kwenye mito hii yetu. Mwalimu wa historia alisema hatuna lazima ya kuchagua kati ya kusifu sindano na kukumbuka minyororo. Tuliona maneno hayo ni mepesi kusema. Tulipofika Kasai tukayaelewa vizuri zaidi.

Kwa maana kazi iliyotushika kuliko zote iko Kasai, kwa Wakuba, na katika Wakuba hasa wale wanaoitwa Washoowa. Katika masoko ya watalii wanaiita "velours du Kasaï", ni kusema mahameli ya Kasai, lakini si mahameli ya kiwandani hata kidogo. Wanaume wanachukua majani machanga ya mti wa mwale, ndiyo rafia, wanatoa nyuzi zake, wanafuma kitambaa kwenye kitanda cha kufumia. Ukubwa wa kitambaa unafuata urefu wa jani, kwa hiyo ni kipande kidogo tu. Kinatoka kigumu kama mkeka. Kinatwangwa katika kinu mpaka kilainike. Baada ya hapo kinapita kwa wanawake.

Mwanamke anatia uzi laini wa rafia katika sindano. Anaupitisha chini ya nyuzi chache za kitambaa, anavuta mpaka kinabaki kincha cha milimita mbili ao tatu tu, halafu anakata upande wa pili kwa kisu kidogo kwa urefu ule ule. Vincha viwili vinasimama kama manyoya. Hafungi fundo. Kinachoshika uzi ni mbano wa kitambaa chenyewe. Kisha anaanza tena, kando yake. Nyuzi zingine ametia rangi nyekundu ya unga wa mti wa tukula, zingine nyeusi, zingine anaziacha na rangi yao ya asili. Hachori kwanza, mfano wote wa pembe na mistari inayoingiliana anao kichwani, na anaweza kuubadili njiani akipenda. Kwa sababu hiyo ukitazama vizuri, mstari unaofuata taratibu moja unafika mahali na kugeuka ghafula, na jicho linatafuta sababu. Kipande kimoja cha namna hiyo kinaweza kuchukua miezi, na mwenye kulima na kupika katikati ya kazi anaweza kumaliza mwaka.

Kuna jambo moja lililotufurahisha sana sisi wenye kushona viraka katika uniforme zetu. Wataalamu wanasema kwamba kitambaa kikitwangwa katika kinu mara nyingine kinatoboka. Tundu linazibwa na kiraka. Wakuba waliona kiraka kimoja peke yake kinaonyesha aibu, wakatia vingine mahali pasipo tundu, wakavipanga, na viraka vikawa pambo lenyewe. Sketi ndefu za wanawake za kucheza ngoma, zinazofika mita sita na zaidi zikifunguliwa, zimejaa viraka vya namna hiyo.

Na nguo hizi nzuri zilikwenda wapi? Nyingi zilikwenda chini ya udongo. Wakuba wanamvalisha marehemu nguo zilizodariziwa, ili huko anakokwenda watu wake wapate kumtambua. Kwa hiyo ndugu wanashona pamoja miaka na miaka, na kazi inaonekana siku moja, halafu basi.

Sasa musikie habari ya mtu mmoja. William Sheppard alikuwa misionari wa Kipresbiteri, Mprotestanti kama sisi, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1865, mwaka ule ule vita vya watumwa vilipoisha kule. Alifika Luebo mwaka 1891 pamoja na mwenzake Lapsley. Mwaka 1892 akafika Mushenge, mji mkuu wa Wakuba, ambao wageni walikuwa wamekatazwa kuuingia. Alikuwa amejifunza lugha yao njiani, na badala ya kumwua walisema ni mfalme wa zamani aliyekufa na kurudi. Huko alikusanya vitambaa vya darizi, visu, vikombe vya mti vilivyochongwa. Mkusanyo wake uko mpaka leo katika chuo cha Hampton, kule Virginia alikosoma.

Mtu huyo huyo mwaka 1899 alitumwa na misioni kwenda kuangalia mashambulio yaliyofanywa na Wazappo-Zap, askari waliotumwa na Serikali ya Leopold. Katika kambi yao alikuta mikono inakaushwa juu ya moto. Aliihesabu. Mikono ya kuume 81. Aliandika, na habari ikafika Ulaya na Marekani. Baadaye aliandika tena juu ya Wakuba, namna walivyoacha nyumba nzuri na mashamba kwa sababu ya kulazimishwa kutafuta kaucuku, na kampuni ya Kasai ikamshitaki. Hukumu ilifanyika Léopoldville mwaka 1909, naye akaachiliwa.

Tulipokuwa tunasoma hayo darasani palikuwa kimya. Sisi tulikuwa tumehesabu mishono ya kola kwa pini, mchezo tu. Yeye alikuwa amejifunza kutazama kazi ya mikono ya watu hawa kwa miaka, alijua ni siku ngapi ziko katika kipande kimoja cha kitambaa. Kisha akasimama mbele ya moto ule na kuhesabu.

Tupite upesi kwa Paris, kwani wengi mulitegemea tuanze huko. Ushonaji wa juu, Wafaransa wanauita haute couture, na tangu mwaka 1945 jina hilo linalindwa na sheria: nyumba ya mitindo haiwezi kujiita hivyo kama haikukubaliwa. Nguo inashonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, karibu yote kwa mkono. Lakini anayejulikana ni mwenye jina kwenye mlango, na wanaodarizi wako mahali pengine, katika karakana zao. Inayosifiwa zaidi ni ya Lesage, iliyoanza na jina hilo mwaka 1924. Huko wanatumia kikulabu chembamba cha mji wa Lunéville. Kitambaa kinawambwa katika kiwambo cha mbao, uzi unakuwa umekwisha kutungwa ushanga ao puleki, na fundi anafanya kazi upande wa ndani: ushanga uko chini, hauoni, anausikia kwa vidole. Tulipojua hilo tukamkumbuka mama wa Mangobo.

Mwaka 1967 Yves Saint Laurent alionyesha nguo za Afrika, za rafia na ushanga wa mti, na magazeti ya Ulaya yalishangaa sana juu ya rafia. Mwaka 1988 akaonyesha koti zilizodariziwa na Lesage kufuata picha za Van Gogh, maua ya alizeti na ya irisi. Inasemwa koti moja lilichukua saa 600 hivi. Mwaka 2019 koti moja la alizeti liliuzwa Paris kwa mnada kwa zaidi ya euro 380.000. Nyumba nyingi za Paris siku hizi zinapeleka kazi ya darizi India, na kwa miaka mingi hawakuwataja wenye kuifanya. Mwaka 2023 Dior ilionyesha nguo zake Mumbai, mbele ya lango kubwa la bahari, ili karakana ya Chanakya inayoidarizia ionekane. Ni kitu kidogo, lakini ni kitu.

Hapa rafiki mmoja wa darasani alisimama kutupinga, na tuliona vizuri aandikwe. Alisema: "Petro na Paulo wamekataza mapambo. Musome 1 Petro 3 na 1 Timoteo 2. Kwa nini shule ya Kiprotestanti isifu dhahabu na puleki?" Mabishano yalishika saa nzima ya dini. Wengine walimjibu na kitabu cha Kutoka: mavazi ya Haruni yalitiwa nyuzi za dhahabu, na sura ya 39 inaeleza hata namna dhahabu ilivyopondwa kuwa nyembamba na kukatwa nyuzi. Biblia yetu inaita kazi hiyo taraza, na haikuficha jina la fundi: Oholiabu, wa kabila la Dani, pamoja na Bezaleli wa Yuda. Mungu mwenyewe aliwapa akili ya kazi hiyo. Rafiki yetu hakushindwa. Alisema Haruni alikuwa kuhani, na sisi ni watoto wa shule wenye viatu vilivyotoboka.

Ndipo mwalimu wa dini akatuambia tufungue Yakobo 5, mstari wa 4, juu ya mshahara wa wafanyakazi uliozuiliwa, unaopiga kelele. Akatuuliza ni nani kati yetu aliyekwenda Mangobo.

Watu wane tukasimama.

Pesa ya kwaya ilikuwa imekwisha, hilo ni kweli. Tulifanya baraza. Tukaamua kwamba ile sehemu moja kwa tatu tuliyompunguzia mama tutairudisha kidogo kidogo, kwa kuuza mikate ya ndizi saa ya mapumziko (wasomaji, ndiyo ile munayokula), na kwamba kila siku ya posho watu wawili wataenda kumsaidia. Tulipofika kumwambia, mama alicheka muda mrefu. Kuhusu pesa akasema, "Aksanti, nitapokea." Kuhusu msaada hakuwa na haraka ya kukubali. Alitupa kitambaa kibovu, tukashona jani moja kila mtu, akageuza, akatazama ndani, akachukua mkasi. "Mufumue." Tulifumua siku za posho tatu. Tulijifunza kushika uzi mfupi, usiopita kiwiko, kwa sababu mrefu unachakaa ukipita kitambaani mara nyingi. Tulijifunza kunawa mikono na kuikausha kabisa. Tulijifunza kwamba mgongo unauma kabla ya vidole.

Siku ya posho ya nne akatuachia kola moja ya kweli.

Kanzu zitavaliwa mara ya kwanza siku ya Pentekoste. Kola 21 ni za mama. Katika ile ya mwimbaji wa mwisho, upande wa kushoto wa safu ya nyuma, jani la tano ni letu. Mutalitambua bila shida, limeinama kidogo. Ndani liko safi.

Wanafunzi wa mwaka wa tano, kukata na kushona